Kuagana na Mchezo Uliopendwa

Msomaji, mgeni anapoaga nyumbani kwako, wajua lipasalo kutendwa. Humwachi aondoke peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Wainuka, wamchukulia mfuko wake, wamsindikiza mpaka njia panda au kituo cha matatu, na huko mwapeana mikono na salamu za kwao. Desturi hii tumeirithi kwa wazee wetu. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye wazee hawakutufundisha namna ya kumsindikiza. Mgeni huyo huingia nyumbani jioni bila ya kubisha hodi, huketi mbele ya watu wote, husema nao miaka mingi wala hali chakula chao. Kisha siku moja huaga, na asubuhi yake hapana njia ya kumfuata wala mahali pa kumtembelea. Mgeni huyo ni mchezo wa kuigiza wa televisheni.

Huenda ukacheka, ukasema kuwa jambo hili ni dogo mno kuingizwa katika historia. Umefundishwa kwamba historia ni habari za vita, mikataba na watawala. Ni kweli. Lakini watu waliopigana vita hivyo na kutawaliwa na watawala hao walikuwa na jioni zao pia, na namna watu walivyozitumia jioni zao ni habari ya watu hao. Atakayetaka kuandika habari za Nairobi ya siku zetu, asiseme neno juu ya kile walichokitazama watu baada ya kazi, atakuwa ameandika habari za mchana peke yake.

Basi tuanze mwanzo. Televisheni iliingia Kenya katika mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mtambo wa kwanza wa kurushia picha uliwekwa Limuru, katika vilima vilivyo kaskazini-magharibi ya Nairobi, na nguvu zake hazikufika mbali. Katika mwaka wa 1964 serikali ya nchi huru ililichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya; katika mwaka wa 1989 likapewa tena jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, ambalo wengi hulitaja kwa herufi zake tatu, KBC. Katika miaka ile ya kwanza televisheni ilikuwa mali ya wachache. Mtu mmoja alipokuwa nayo, majirani kumi walikuwa nayo pia, maana waliketi sakafuni kwake, na waliokosa nafasi walisimama dirishani.

Ukitaka kupaona mahali palipokuwa kitovu cha mambo hayo, simama siku moja katika Barabara ya Harry Thuku, katikati ya mji. Utaliona Jumba la Michezo la Taifa, lililofunguliwa katika mwaka wa 1952, likitazamana na Hoteli ya Norfolk. Na mwendo mfupi kutoka hapo pana Jumba la Utangazaji. Majumba haya mawili ni kama ndugu wa baba mmoja. La kwanza ni la jukwaa, ambapo mwigizaji na mtazamaji huvuta hewa moja. La pili ni la televisheni, ambapo mwigizaji husema na mtu asiyemwona. Wengi walioigiza katika televisheni walijifunza kazi yao jukwaani kwanza.

Katika miaka ya 1980 Sauti ya Kenya ilikuwa na michezo ya Kiswahili iliyoketisha nchi nzima, na miongoni mwake ni Vitimbi na Vioja Mahakamani. Wazazi wako, au wazazi wao, watakusimulia habari za Mzee Ojwang' na Mama Kayai, mume na mke wa mchezoni, walivyogombana na kupatana. Mama Kayai aliigizwa na Mary Khavere, na Mzee Ojwang' na Benson Wanjau. Hapa pana jambo la kutazamwa vema. Mzee Ojwang' alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na watazamaji wengi walimhesabu kuwa mtu wa kando ya Ziwa Victoria. Kumbe Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Alipofariki dunia katika Julai 2015, nchi iliyokwisha kuonja uchungu wa ukabila baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ilimlilia mtu aliyekuwa wa kabila moja kwa kuzaliwa na wa kabila jingine kwa kupendwa. Sijui hotuba ngapi za umoja zilizofanya kazi hiyo kwa utulivu kama huo.

Katika mwaka wa 1990 kilianza kituo cha televisheni kisicho cha shirika la serikali, nacho ni KTN, kilichokaa katika Jumba la Nyayo, mahali Barabara ya Kenyatta ipokutanapo na ile kuu ya Uhuru. Baada yake vilikuja vituo vingine, na kimoja kati ya hivyo, Citizen, kiliweka makao yake Kilimani. Hivyo michezo ilianza kutoka katikati ya mji na kuifuata njia ya magharibi.

Njia hiyo naijua, kwa maana nimekulia mwisho wake. Panda matatu ya nambari 46 mjini. Itapita Hurlingham na Kilimani, itashika Barabara ya Gitanga, itapita kando ya Lavington penye kuta ndefu na malango ya chuma. Kisha, bila ya kukuonya, itakushusha Kawangware, penye nyumba za mabati zilizobanana kama watu garini. Kutoka lango la mwisho la Lavington hata bati la kwanza la Kawangware mtu aweza kwenda kwa miguu asichoke. Kila asubuhi wapishi, yaya na watunza bustani huvuka mpaka huo usioandikwa katika ramani. Na jua likikaribia kuchwa, mabawabu huuvuka kwa zamu yao.

Baba yangu alikuwa mmoja wa mabawabu hao. Saa 11 ya jioni alivaa kabuti lake, akachukua kurunzi na rungu, akaenda kukesha penye lango la watu aliowajua kwa rangi za magari yao. Alfajiri alirudi, nasi tukaamka yeye akilala. Nilipoingia kidato cha kwanza katika mwaka wa 2007 tulipewa karatasi ya kujaza habari zetu. Mahali palipoulizwa kazi ya mzazi niliandika kuwa baba ni mfanyabiashara. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona tu wenzangu wameandika mhasibu, mwalimu na daktari, na mkono wangu ukaandika wenyewe.

Ilikuwa karibu na wakati huo ambapo Citizen ilianza kuonyesha mchezo wa kuchekesha ulioitwa Papa Shirandula. Mwenye kuigiza Papa Shirandula alikuwa Charles Bukeko, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti nzito, ambaye mizizi yake ilikuwa jukwaani. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kusimulia. Papa Shirandula ni bawabu, lakini mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacky Nyaminde, hajui. Kila siku mume huondoka nyumbani amevaa suti kama mkubwa wa ofisi; akifika kazini huivua, akavaa sare ya ulinzi, akasimama langoni. Jioni huirudia suti yake na kurudi nyumbani kuwa bwana mkubwa.

Fikiri, msomaji, jinsi nilivyoutazama mchezo huo. Nchi nzima ilicheka. Shuleni wenzangu waliigiza namna Papa Shirandula alivyovua koti, nami nilicheka kuliko wote, maana anayeogopa kugunduliwa hujitia katika mstari wa mbele wa wachekaji. Niliona kwamba mtu yule alikuwa mimi. Yeye alimficha mkewe kazi yake mwenyewe; mimi niliwaficha wenzangu kazi ya baba yangu. Tofauti ilikuwa kwamba yeye alilipwa kwa kuigiza.

Usiku mmoja wa likizo baba alikuwa na mapumziko. Tulikwenda kwa jirani aliyekuwa na televisheni, chumba kikajaa. Papa Shirandula alipovua suti na kuvaa sare, watu walipiga kelele za kicheko. Nilimtazama baba kwa jicho la pembeni. Hakucheka. Alisogea mbele kidogo, akatazama kama fundi atazamavyo kazi ya fundi mwenziwe, kisha akasema, "Huyu amewahi kukaa na mabawabu. Tazameni anavyosimama, uzito wote ameuweka mguu mmoja ili mwingine upumzike." Watu wakanyamaza kutazama mguu. Kisha baba akacheka peke yake, kwa furaha.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema, "Mwanangu, wale wote waliocheka, yuko hata mmoja anayelala mlango wazi?" Sikumjibu. Sijui mpaka leo kama alikuwa na habari za ile karatasi yangu, wala sikuthubutu kumwuliza. Lakini muhula ulipofunguliwa nilikwenda kwa mwalimu wa darasa, nikamwomba nisahihishe neno moja. Mwalimu alinipa kalamu wala hakuniuliza sababu.

Nimekusimulia hayo si kwa kujipamba, bali upate kuelewa kwa nini mchezo wa kuchekesha huweza kuwa kitu kizito. Kichekesho kilichomo katika Papa Shirandula kilisimama juu ya jambo la kweli la mji wetu: kwamba watu wengi hufanya kazi ambazo mji hauwezi kuishi bila ya hizo, na mji huohuo huwafundisha kuzionea haya. Daktari hana haja ya kuificha kazi yake kwa mkewe. Mchezo ule uliionyesha haya hiyo mbele ya matajiri wa Lavington na maskini wa Kawangware kwa wakati mmoja, jioni moja, nao wote wakacheka. Na nadhani si wote waliocheka kwa sababu moja.

Mchezo ulidumu zaidi ya miaka 10. Watoto walizaliwa, wakaingia shule, wakaukuta upo. Kisha ukaja mwaka wa 2020. Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza kuwa ugonjwa wa korona umeonekana nchini. Tarehe 27 ya mwezi huo ilianza amri ya kutotoka nje usiku, tangu saa 1 ya jioni hata saa 11 ya alfajiri. Shule na vyuo vilifungwa. Mji wa Nairobi, ambao haujui kulala mapema, ulifungiwa ndani kama mtoto mtundu, na katika nyumba nyingi televisheni ikawa dirisha la pekee lililobaki wazi.

Tarehe 18 Julai ya mwaka huo Charles Bukeko alifariki dunia, ugonjwa ule ukiwa umemshika. Umri wake ulikuwa miaka 58. Alizikwa kwao Busia, magharibi ya Kenya, siku mbili baadaye, na kwa sababu ya masharti ya wakati ule watu waliompenda hawakuweza kumsindikiza kama desturi yetu itakavyo. Hebu kumbuka nililosema mwanzo juu ya mgeni na njia panda. Huyu aliondoka, na nchi nzima imezuiwa ndani, ikitazama kutoka dirishani.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kangemi, chuo nilichofundisha kikiwa kimefungwa. Baba alikuwa amekwisha kuacha kazi na kurudi kijijini. Alinipigia simu, akasema, "Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Yule askari mwenzangu amekwenda." Hakumwita mwigizaji. Kisha alinyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Na zamu yake ataishika nani?"

Ni swali la bawabu. Bawabu haondoki langoni mpaka mwenziwe amefika. Lango lisilo na mtu ndilo jambo analoliogopa kuliko baridi na mvua. Jibu la swali lile lilikuwa kwamba hapana wa kuishika. Mchezo ulikoma pamoja na mwenyewe. Hapakuwa na jioni ya mwisho iliyotangazwa mapema, hapakuwa na neno la kuaga lililoandikwa na mtunzi. Wilbroda wa mchezoni hakupewa nafasi ya kumlilia mumewe katika mchezo, na Jacky Nyaminde na wenziwe waliomboleza kama watu, kwa majina yao wenyewe.

Linganisha sasa na mchezo wa pili, nao ni Maria. Huu ulianza kuonyeshwa katika kituo hichohicho mwezi wa Oktoba 2019, ukamalizika Machi 2021. Ulitengenezwa na Lulu Hassan, ambaye watu walizoea kumsikia akisoma habari, pamoja na mumewe Rashid Abdalla. Ulikuwa wa Kiswahili, na ulionyeshwa jioni za siku za kazi. Kabla ya hapo Wakenya walikuwa wamezoea kwa miaka mingi michezo ya mapenzi iliyotoka Mexico na nchi jirani zake, ambamo midomo ilisema Kihispania na sauti zilisema Kiingereza. Katika Maria midomo na sauti vilipatana. Msichana wa mtaa wa mabanda, aliyeigizwa na Yasmin Said, anaingia katika nyumba ya ukoo wa Hausa, matajiri wa mtaa wenye kuta ndefu. Na lugha yake ya vijana wa mtaani haikunyamazishwa mlangoni. Waona, msomaji, kwamba safari ya Maria ndiyo ileile ya matatu ya nambari 46, isipokuwa yeye hakurudi jioni.

Sehemu kubwa ya mchezo huo ilionyeshwa watu wakiwa chini ya amri ya kutotoka nje. Amri ililegezwa saa zake, ikakazwa tena, wala haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Kwa hiyo Maria aliingia katika nyumba zilizojaa watu wasio na mahali pengine pa kwenda, wengi wamepoteza kazi, wengine wana msiba. Mwisho wake ulipotangazwa watu walijua, wakajiandaa. Jioni ya mwisho ikaja, ikapita, na mchezo mwingine, Zora, ukashika nafasi yake. Hapo zamu ilishikwa. Hata hivyo palikuwa na wengi waliosema kwamba Zora si Maria, kama watoto wasemavyo juu ya mwalimu mpya.

Wala usidhani kuwa huzuni hii ni ya watu wetu tu. Katika mwaka wa 1893 mtunzi wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, alimwua kwa kalamu mpelelezi wake Sherlock Holmes, kwa kuwa amechoka naye. Wasomaji walikasirika, na baada ya miaka 10 mtunzi alilazimika kumfufua. Nchini Marekani mchezo wa televisheni ulioitwa M*A*S*H, wenye kueleza habari za madaktari katika vita vya Korea, ulimalizika tarehe 28 Februari 1983, na watu zaidi ya milioni 100 waliutazama usiku huo. Vita vya Korea vyenyewe vilidumu miaka 3, toka 1950 hata 1953. Mchezo juu ya vita hivyo ulidumu miaka 11. Watu waliokuwa na furaha kubwa vita vilipokwisha waliona uchungu mchezo wake ulipokwisha.

Kwa nini iwe hivyo? Nadhani sababu ni kwamba mtu haagani na mchezo peke yake, bali aagana na jioni zake mwenyewe. Mchezo uliodumu miaka 10 umekuona ukiwa mtoto na ukiwa mtu mzima. Ulikaa nawe chumbani pamoja na bibi aliyekwisha kufariki, pamoja na ndugu aliyehama, pamoja na jirani mwenye televisheni ambaye siku hizi hujui aliko. Mchezo ukikoma, mlango wa chumba kile hufungwa, na wote waliokuwamo hufungiwa humo. Huzuni hiyo si ya kipumbavu. Upumbavu ni kuiona haya, kama mimi nilivyoionea haya kazi ya baba yangu.

Basi nakuagiza jambo moja, nalo halihitaji fedha. Rudi nyumbani umwulize mkubwa wako: ni mchezo gani uliokuwa ukiupenda, uliutazama nyumbani kwa nani, na ulikuwa ukifanya kazi gani wakati huo? Andika majina na miaka. Utashangaa jinsi habari za mchezo zitakavyokuletea habari za kodi ya nyumba, za kazi, za mtaa uliobomolewa, za mtu aliyependwa. Hiyo ni historia, na pengine wewe ndiwe wa kwanza kuiandika.

Mimi nilimwuliza baba. Alijibu kwamba aliukosa mchezo wa Papa Shirandula jioni nyingi kuliko alizoutazama, kwa kuwa saa ya mchezo ilimkuta kazini. Alikuwa akisimama langoni Lavington, akisikia kupitia dirishani sauti ya Papa Shirandula na vicheko vya watu wa nyumba ile, naye akicheka nao taratibu huko nje gizani, bila ya wao kujua kuwa wako pamoja.